ZAMU YA KWA MZEE DEREVA

KIKUNDI CHA VIJANA CHA BEGA KWA BEGA

Kumbukumbu za kikao cha tisa, kilichofanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa tisa alasiri, katika chumba cha chini cha jengo la ghorofa nne, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mitungi ya gesi

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti (fundi simu)
Mhazini (mshonaji)
Kinyozi, mjumbe
Winchi, mjumbe (mpakizi wa ghala la saruji)
Dobi, mjumbe (mpiga pasi)
Katibu (wa duka la fotokopi), mwandishi wa kumbukumbu hizi

MWALIKWA
Binti wa Mzee Dereva, mlalamikaji (keshia wa duka la dawa)

ALIYEINGIA KIKAO KIKIENDELEA
Mzee Dereva mwenyewe (tazama Kumb. Na. 5/9)

ALIYEKOSA KWA TAARIFA
Muuza Viatu, ambaye anamwoza dada yake

ALIYEKOSA BILA TAARIFA
Mjumbe anayejiita Meneja, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilichelewa kuanza kwa sababu ya viti. Mhazini alieleza kwamba viti vilikuwa kwake na angevileta mapema kama Mwenyekiti angepokea simu. Mwenyekiti alijibu kwamba fundi simu hawezi kuacha kupokea simu. Mhazini alisema ndiyo maana na yeye alishangaa. Suala hilo liliishia hapo na wajumbe wakakaa.

Mwenyekiti aliwashukuru wote kwa kuacha mapumziko yao ya Jumapili. Alikumbusha kwamba kikundi hiki ni cha vijana wa mtaa waliojitolea kusaidia wazee, wagonjwa na wazazi waliolemewa, bila malipo na bila majivuno. Alisema leo kuna lalamiko zito, na aliomba kila mtu ashike ulimi wake mpaka apewe nafasi. Aliposema hivyo alimwangalia Kinyozi. Kinyozi aliuliza kwa nini anaangaliwa yeye.

KUMB. NA. 2/9: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha nane. Alipofika kwenye sentensi isemayo "Redio Mbovu atafagia ngazi za jengo kila Alhamisi," mjumbe mhusika alinyoosha mkono.

Alisema kwamba hilo si jina lake. Alieleza kuwa ana kigugumizi tangu utotoni, na jina hilo alipewa mtaani na watu ambao hakuwaomba. Alikaa nalo kwa sababu kulikataa kungechukua muda mrefu kuliko kulivumilia. Sasa ameona limeanza kuandikwa, na kitu kikishaandikwa huzoeleka. Anapiga pasi, anaipenda kazi hiyo, na anayetaka kumwita amwite Dobi.

Kinyozi alicheka. Mhazini alimuuliza kinachomchekesha. Kinyozi aliomba iandikwe kwamba hakucheka bali alikohoa. Imeandikwa.

Katibu aliuliza kama maneno ya Dobi yaandikwe jinsi yanavyotoka, pamoja na kukatika kwake, au yaandikwe yakiwa yamenyooka. Dobi alijibu kwamba yaandikwe kama ya wajumbe wengine, maana hakuna anayeandika kikohozi cha Kinyozi herufi kwa herufi. Wajumbe waliridhia. Kumbukumbu zilisahihishwa na kuthibitishwa.

KUMB. NA. 3/9: TAARIFA YA ZAMU

Mwenyekiti alitoa taarifa ya zamu akitumia Jedwali la Vipawa, yaani ule ubao wa plaiwudi alioupaka rangi mwenyewe na kuutundika ukutani. Kwa faida ya mwalikwa, alieleza kwamba ubao una safu nne: Wasemaji, Wenye Nguvu, Wapole na Wasafi. Kila mjumbe ameandikwa kwenye safu moja kwa rangi ya mafuta, na hupelekwa kwenye kazi za safu yake tu. Wasemaji hukaa na wagonjwa, Wenye Nguvu hubeba maji na mizigo, Wapole huenda kwenye nyumba zenye watoto, na Wasafi hufagia na kufua.

Winchi aliomba nafasi. Alisema hana ugomvi na mtu, ila tangu pampu ya jengo iharibike amepandisha maji ghorofa zote mpaka ngazi zinamjua kwa jina. Anaomba naye apangiwe kwa Mama Pacha, yule mjane wa ghorofa ya tatu, amsaidie kulea watoto.

Kulikuwa na kicheko. Mhazini alisema si kwa ubaya, lakini mwanamume wa kimo kile, mwenye mikono ya kupakia saruji, akiinama juu ya kitanda cha mtoto mchanga, hata mtu mzima angepiga yowe. Winchi alisema amewalea wadogo zake watatu, na wa mwisho alikuwa halali mpaka alazwe juu ya kifua chake.

Mwenyekiti alisema Winchi yuko safu ya Wenye Nguvu na rangi ya mafuta haifutiki kirahisi. Suala liliahirishwa ili lalamiko lisikilizwe kwanza. Winchi alisema sawa, akakaa, na hakuegemea kiti kwa kuwa viti vya plastiki humvunjikia.

KUMB. NA. 4/9: LALAMIKO KUHUSU ZAMU YA KWA MZEE DEREVA

Mwenyekiti alimkaribisha Binti aeleze.

Binti alisema baba yake aliendesha malori ya safari ndefu tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na alikuwa mtu wa maneno. Akirudi safari, majirani walikuwa wanazima televisheni zao waje kumsikiliza yeye. Mwaka jana alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Akili yake ni nzima kabisa. Kilichoharibika ni njia ya kutokea. Daktari aliagiza apate watu wa kuzungumza naye kila siku. Yeye Binti anashinda kazini na ndugu zake wako mbali, ndiyo maana aliomba kikundi kimpe mtu mchangamfu wa kukaa na mzee mchana. Akaletewa Kinyozi, akashukuru.

Alhamisi iliyopita umeme ulikatika dukani, akarudi nyumbani mapema. Hakumkuta Kinyozi. Alimkuta msichana asiyemjua. Mzee alikuwa kwenye kiti dirishani, jasho linamtiririka, mdomo unatetemeka, anahangaika na neno moja.

"Na huyu amekaa kwenye kigoda anamwangalia," Binti alisema, "kama mtu anayeangalia mvua ikinyesha. Hamsaidii! Nikamuuliza wewe ni nani. Ndipo na yeye akaanza kukwama kwenye jina lake mwenyewe. Jamani, nyie mnanifanyia mzaha? Nimeomba mtu wa kuzungumza na baba yangu aliyepotelewa na maneno, mnaniletea mwingine ambaye yake pia yamepotea. Wakikaa hao wawili, nani atamwokota mwenzake?"

Binti alikiri kwamba alimtoa Dobi nje na kufunga mlango kwa kishindo.

Mwenyekiti alisema kikundi hakikumpeleka Dobi huko. Alimtaka Kinyozi aeleze ni lini alipewa ruhusa ya kubadilishana zamu, na ni nani aliyempa.

Kinyozi alisema hakupewa na mtu. Alieleza kwamba mwanzoni alikwenda kama alivyopangiwa. "Nilimpigia stori za mpira, nikampigia za wateja wangu, nikampigia mpaka za mama mkwe. Mdomo wangu hauna breki, mnanijua. Mzee ananiangalia tu. Siku moja akafumba macho, nikajua amelala, nikaendelea. Kumbe hakulala. Akageukia ukutani. Ndugu zangu, nilijiona kama bomba lililosahaulika wazi."

Siku hiyo hiyo, alisema, mlango wa mzee ulikuwa wazi na Dobi alikuwa kwenye korido ya jengo anafagia. Mzee alimwita. Akaanza neno, likakwama. Dobi akasimama na ufagio wake palepale alipo. Hakukisia wala hakusema "pole." Alisimama tu. Kinyozi alisema yeye alikuwa na maneno kumi mdomoni ya kumsaidia mzee, lakini aliona haya kuyatoa. Mwishowe neno likatoka. Lilikuwa "ndoo." Dobi alikuwa ameacha ndoo ya maji machafu nyuma ya kisigino chake, na mzee alikuwa anamwonya. Angepiga hatua moja tu, angeiangukia.

"Mzee akacheka," Kinyozi alisema. "Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Nikamwambia Dobi, dada, chukua kiti changu, nipe ufagio. Na ngazi zimefagiliwa tangu siku hiyo, ulizeni."

Mhazini alithibitisha kwamba ngazi zimefagiliwa, isipokuwa pembeni.

Mwenyekiti alisema hata kama nia ilikuwa njema, utaratibu ni utaratibu, na mjumbe hawezi kujihamisha safu kama anahama kiti cha sinema. Kinyozi alijibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye amezinyoa za mtaa mzima, kwa hiyo anajua hazilingani. Mwenyekiti alimtaka asilete mzaha. Kinyozi alisema hiyo haikuwa mzaha.

Dobi alipewa nafasi. Alisema yafuatayo, na Katibu aliyaandika kadiri yalivyofika:

"Mimi nikianza neno, watu wananinyang'anya. Wanalimalizia wao. Mara nyingi wanamalizia lingine kabisa, si langu, na mimi nakubali ili yaishe. Nimewahi kurudi nyumbani na sukari wakati nilikwenda dukani kutafuta sabuni. Mwenye duka alikuwa mwema. Aliona nateseka, akanisaidia. Sasa mzee naye anasaidiwa hivyo kutwa. Akitaka dirisha anapewa dawa, akitaka kusema habari za barabara anapelekwa msalani. Siku ile dada alipoingia, neno lilikuwa limeshafika mlangoni. Lile jasho halikuwa mateso, dada. Mimi natoka jasho kila siku nikipiga pasi, na hakuna anayekuja kuninyang'anya pasi."

Binti aliuliza: "Kwa hiyo mimi, mtoto wake wa kumzaa, ndiye ninayemnyima maneno?"

Dobi alisema hajasema hivyo, na kwamba mwenye jibu ni mzee mwenyewe.

"Nimuulize vipi na hawezi kujibu?"

"Anaweza, dada. Muda ndio anaonyimwa."

 Kisha Mhazini aliuliza mzee yuko wapi kwa sasa. Binti alisema hakuwa na mtu wa kumwachia, kwa hiyo amekuja naye, na amemwegesha kwenye korido kwenye upepo ili asisikie mambo haya. Winchi alisema mlango wa korido ulikuwa wazi tangu kikao kianze.

KUMB. NA. 5/9: MCHANGO WA MZEE DEREVA

Mwenyekiti alielekeza mzee aingizwe. Kiti chake cha magurudumu kilikwama mlangoni. Winchi alichuchumaa mbele yake na kumuuliza: "Shikamoo mzee. Nikubebe, au tujaribu tena?" Akasubiri hapo chini. Mzee alionyesha kwa mkono wa kushoto kwamba wajaribu tena. Walijaribu kwa pembe nyingine na kiti kikapita, fremu ya mlango ikachubuka kidogo.

Wajumbe wote walimwamkia. Aliitikia kwa kichwa.

Mwenyekiti alimwomba radhi kwa kuzungumziwa huku yupo, kisha akamuuliza angependa zamu yake iendelee na nani.

Mzee Dereva alianza kusema. Sauti iliyotoka ilikuwa "u."

Binti alimuuliza: "Unataka maji, baba?" Mzee alitikisa kichwa kukataa. Akaanza tena, ikatoka "usi." Binti alisema: "Usiku? Hulali vizuri usiku?" Akawaeleza wajumbe kwamba ni kweli baba yake hapati usingizi wa maana tangu augue. Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua alianza kwa mara nyingine, na Binti akasema: "Usijali? Baba unasema nisijali?"

Dobi aliinuka. Hakwenda kwa mzee. Alisogeza kiti chake akaketi karibu na Binti, akamshika mkono, akamwambia: "Subiri kidogo, dada."

Kikao kilisubiri. Kinyozi aliziba mdomo wake kwa kiganja. Mwenyekiti aliangalia simu yake, akaigeuza uso chini juu ya goti. Ghorofa ya juu mtu alikuwa anasogeza meza, akaacha. Uso wa mzee ulikuwa umekaza kwa juhudi na mkono wake wa kushoto ulikuwa unapigapiga egemeo la kiti kama mtu anayetafuta gia. Katibu hakupima muda huo, na hata angeupima asingeuandika.

"Usinimalizie," alisema Mzee Dereva.

Neno lilitoka lote, zima, na kila aliyekuwemo alilisikia.

Katibu aliomba arudie ili liandikwe kwa usahihi. Mhazini alimwambia Katibu anyamaze.

Binti alisema: "Baba, mimi nilikuwa nakusaidia."

Mzee alisema: "Najua." Hilo halikuchukua muda. Kisha akaongeza: "Mwanangu." Hilo lilichukua muda, na Binti hakuligusa.

Binti alilia, na Mhazini alimpa kitambaa alichokuwa anakidarizi. Alipotulia aliomba aseme jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Alisema siku baba yake alipopata kiharusi walikuwa wanaongea kwa simu. Yeye alikuwa kaunta, wateja wamepanga foleni. Mzee alikuwa anamwambia kitu, akanyamaza katikati ya sentensi.

"Nikadhani ni mtandao. Nikasema haloo, haloo, nikakata. Nikaendelea kuhudumia watu, nikijua atapiga. Hakupiga. Aliokotwa na jirani chini ya meza. Sasa kila akinyamaza katikati, mimi naona simu imekatika tena. Siwezi kukaa hivyo. Lazima niseme kitu. Neno lolote, ili mradi laini isife."

Mzee Dereva alikuwa anamsikiliza. Ilionekana kwamba na yeye alikuwa halijui jambo hilo. Alinyoosha mkono wake mzima, akamvuta Binti kwa bega mpaka kichwa chake kikaegemea mkono wa kiti. Mwenyekiti alitangaza mapumziko mafupi. Hakuna aliyetoka.

KUMB. NA. 6/9: MAAMUZI

6.1 Kuhusu zamu ya kwa Mzee Dereva. Iliamuliwa kwamba Dobi ataendelea, kwa ridhaa ya mzee, ambayo aliitoa kwa kichwa na kwa neno "huyu." Binti aliomba naye apate kukaa kwenye kigoda cha pili siku anazokuwa hana kazi, ili ajifunze kungoja. Alimuuliza Dobi huwa anafanya nini moyoni wakati anangoja. Dobi alisema hafanyi kitu, anangoja tu. Mtu akifanya kitu kingine, hiyo si kungoja.

Binti alimwomba radhi: "Mdogo wangu, nilikufungia mlango usoni. Nisamehe."

Dobi alianza kujibu na neno likakwama. Binti alifungua mdomo, akaufunga. Wote walingoja kusikia msamaha. Neno lilipofika lilikuwa "ufagio." Dobi alieleza kwamba siku ile alitolewa haraka na ufagio wake, ambao Kinyozi alikuwa amemrudishia, ulibaki nyuma ya mlango. Binti alicheka huku machozi hayajamkauka, akaahidi kuuleta. Dobi alisema kuhusu lile lingine, yalikwisha tangu mzee aliposema.

6.2 Kuhusu Kinyozi. Mwenyekiti alipendekeza apewe onyo kwa kubadilisha zamu kinyemela. Mhazini alisema anayemwonya kwanza amshukuru. Ilikubaliwa ashukuriwe kisha aonywe, na vyote viwili vilifanyika. Kinyozi aliomba aruhusiwe kwenda kumnyoa mzee mara moja kwa juma. Alimgeukia akamuuliza: "Lakini mzee wangu, niambie ukweli, mpira huupendi?"

Safari hii Kinyozi alingoja. Ilimtesa, na kila mtu aliona.

"Naupenda," alisema Mzee Dereva. Kisha, baada ya kitambo: "Timu yako... mbovu."

Wajumbe walicheka mpaka kikao kikapoteza utulivu. Kinyozi aliomba maneno hayo yasiingie kwenye kumbukumbu. Ombi lilikataliwa.

6.3 Kuhusu Jedwali la Vipawa. Mhazini alitoa hoja kwamba ubao uondolewe. Alisema kama ungefuatwa, mzee angekuwa bado amegeukia ukutani.

Mwenyekiti alijibu. Alisema wajumbe wasifikiri aliuchora kwa kupenda ukubwa. Mama yake alipougua kidonda cha mguu, walikuja watu wa kujitolea, watu wema. Aliyepangiwa kumsafisha kidonda alikuwa mtu anayeogopa damu. Alizimia. Mama, na mguu wake ule ule, alishuka kitandani akampepea mpaka akazinduka. "Alisimulia kisa hicho akicheka mpaka siku zake za mwisho," alisema Mwenyekiti, "lakini mimi sikucheka. Nilijiapiza nikiwa na kikundi changu, kila mtu nitampeleka anakofaa. Nikakaa na brashi, nikaanza kuwatazama mmoja mmoja. Huyu mkubwa, abebe. Huyu haongei vizuri, afagie. Nilichosahau ni kuwauliza."

Mhazini alisema kwa sauti ya chini kwamba habari za mama yake alikuwa hazijui, na kwamba asichukulie hoja yake kama ugomvi. Mwenyekiti alisema hakuichukulia hivyo. Iliamuliwa ubao ushushwe. Mwenyekiti aliomba aushushe mwenyewe na kuurudisha nyumbani. Mhazini alisema ni mzito kwa mtu mmoja, atamsaidia kuubeba. Mwenyekiti alisema asante. Katibu hajawahi kuandika neno hilo kati ya hao wawili.

Kuanzia sasa mjumbe ataulizwa angependa kufanya nini, na mwenye nyumba ataulizwa angependa kuja nani, na wakipatana basi.

6.4 Kuhusu ombi la Winchi. Iliamuliwa Mhazini aende na Winchi kwa Mama Pacha wakamwombe. Winchi alisema hakuna haja ya kumwomba. Mama Pacha alishamwambia zamani. Kila anapopandisha maji, yeye humpakata mtoto mmoja huku mama anamwogesha mwingine, na juzi wote wawili walilala mikononi mwake mpaka mama naye akasinzia kwenye kiti.

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Hamkuniuliza, kaka. Mnachoniulizaga ni ndoo ngapi."

Kuhusu maji, iliamuliwa yatapandishwa na wajumbe wote kwa zamu mpaka pampu itengenezwe. Kinyozi alipinga akitaja usalama wa mikono yake ya kazi. Hakuungwa mkono.

Mhazini alimuuliza Winchi kama na yeye jina lake lifutwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa la Dobi limefutwa. Winchi alifikiri. Alisema la Winchi analipenda, alijichagulia mwenyewe siku ya kwanza ghalani. "Ila mkumbuke, hata winchi ikifika jioni huzimwa."

KUMB. NA. 7/9: MENGINEYO

Mhazini alikumbusha kwamba fremu ya mlango imechubuka na mlango ni mwembamba kwa kiti cha magurudumu. Winchi atazungumza na fundi seremala anayemfahamu.

Ilipendekezwa Meneja aandikiwe onyo kwa kutohudhuria. Dobi alisema kabla ya onyo mtu aende kumuuliza kama yuko salama, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.  Mwenyekiti alisema atakwenda yeye mwenyewe leo hii akitoka hapa.

KUMB. NA. 8/9: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wote, akamshukuru Mzee Dereva kwa namna ya pekee, akatamka kwamba kikao kimefungwa saa kumi na moja na nusu jioni.

Wajumbe walipokuwa wanapanga viti, Binti alimuuliza baba yake siku ile kwenye simu alikuwa anataka kumwambia nini. Mzee alimtazama, akavuta pumzi, akaanza. Binti alikaa chini kwenye sakafu mbele ya kiti chake, mikono mapajani. Wajumbe walitoka taratibu na viti viwili vilivyokuwa karibu nao havikuchukuliwa.

Kwa hiyo chumba hakikufungwa. Ufunguo uliachwa kwa ndani kwenye kitasa. Katibu hana taarifa ya kilichosemwa na kikundi hakitauliza.

Imethibitishwa kuwa sahihi:

................................
MWENYEKITI

................................
KATIBU